Mbuzi wa Kumrudisha Gisèle

Birmingham, 14 Januari 2023

Mama mkwe wangu mpendwa, Mama Léocadie,

Nakusalimu kwa heshima zote. Habari ya mgongo? Dagaa zako za sambaza zinatoka ziwani mwezi huu, au bado unarudi sokoni na beseni tupu? Kwa desturi hapa ningeandika kwamba sisi huku ni wazima, lakini nitakuwa mwongo tangu mstari wa kwanza.

Nakuandikia, sikutumii sauti, kwa sababu nakujua. Ukifungua sauti pale Kadutu, soko zima linasikiliza. Hii vaa miwani, uisome peke yako.

Mama, mwanao Héritier yuko mahabusu. Jumamosi tarehe saba, saa nane mchana, alinipiga kwa pasi. Nilikuwa nanyoosha shati lake la kanisa. Nilimwambia kesho yake sitaenda ibada, kwa sababu nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Sutton Coldfield, imekosa watu na nimeombwa niingie zamu. Akasema mke wake haogeshi wazee wa kizungu siku ya Bwana. Nikasema nimeshatoa neno langu. Ni hilo tu nililosema, Mama, naapa. Akaninyang'anya pasi ikiwa ya moto, akanipiga nayo kwenye taya, halafu kwenye mkono niliouinua kujikinga. Mkono umevunjika mahali pawili. Shavu limeungua, na ncha ya pasi imeacha alama mpaka karibu na sikio.

Kofi na ngumi umeshawahi kunisikia nikizisema, tangu kambi ya wakimbizi, na nilivumilia. Hii nimeshindwa.

Sikuandikii ili umchukie mwanao. Nataka usisikie kwanza kwa wanawake wa kanisa, maana wataongeza chumvi, na habari hii haihitaji chumvi.

Binti yako,
Gisèle

*

Bukavu, 16 Januari 2023

Gisèle mwanangu,

Jambo. Mimi mzima, mgongo ni uleule, sambaza ni kidogo. Umeshiba salamu? Sasa nisikilize.

Nilisoma barua yako mara tatu nikilia, mara ya nne nikakasirika. Polisi! Mwanangu amelala kwenye chumba cha chuma, ugenini, na aliyemtia humo ni mke wake! Pole kwa mkono. Pole kwa shavu. Nasema pole kwa kweli, mimi si jiwe. Lakini tangu lini mambo ya ndani yanapelekwa kwa watu wenye bunduki? Vikombe vikikaa kabati moja vitagongana tu.

Wewe ni mtoto wa kabila la Bashi kama mimi, njia unaijua. Mwanamke akipigwa anachukua kikwembe chake, anarudi kwa baba yake. Anakaa huko. Mwanaume anabaki na masufuria yake, anajipikia ugali wenye madonge mpaka akili imrudie. Kisha anakuja na wajomba zake, na mbuzi, na kasiksi, pombe ya ndizi. Anaketi chini mbele ya wazee wa mke, anaulizwa, anajibu jasho likimtoka. Mbuzi anachinjwa, watu wanakula, mwanamke anarudi na kichwa chake juu. Ndivyo nyumba zinavyotengenezwa. Kufuli haijatengeneza nyumba hata siku moja.

Kesho nenda uwaambie ulianguka.

Mama yako,
Léocadie

*

Birmingham, 29 Januari 2023

Mama,

Jambo sana. Nafurahi kusikia u mzima. Mimi naendelea, taya linaniruhusu kula uji na supu. Jirani yangu Falis ananipikia. Ni Msomali aliyekulia Nairobi, ana mdomo mkali na roho nzuri, mngependana.

Polisi wa hapa hawatembei na bunduki, Mama, na mimi siye niliyewaita. Mimi nilikuwa chini, damu imejaa mdomoni. Ni Déborah. Mjukuu wako wa miaka kumi alijifungia chooni na simu yangu. Unajua yeye Kiswahili anasikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Basi kwa Kiingereza chake cha mtaani hapa aliwatajia namba ya mlango wetu na kuwaambia baba anamuua mama. Héritier hajui. Anadhani ni jirani. Nakuomba kwa jina la Mungu abaki akidhani hivyo.

Na hivyo vikombe vyako vya kabatini, Mama, ni vikombe gani ambavyo kila vikigongana ni kimoja tu kinachovunjika?

Unasema nirudi kwa baba. Baba yangu yuko kaburini Walungu. Kikwembe ninacho, cha kubebea nguo kipo, ila pa kwenda ndipo sina. Falis anasema, "Wewe Gisèle, wacha mchezo, huyo atakuua." Lakini naye hana chumba cha kunipa.

Jambo moja jingine. Mwanasheria wa Héritier amempata mzungu mmoja, Docteur Ronny, aliyekaa Kivu miaka kumi na moja akichunguza desturi zetu. Ataandika ripoti ya kumweleza hakimu utamaduni wa Bashi. Huenda akakupigia. Mwambie ukweli, basi.

Binti yako,
Gisèle

*

Bukavu, 20 Februari 2023

Gisèle mwanangu,

Salamu nyingi. Leo mgongo hauniumi, au labda unauma na mimi sina habari nao, kwa furaha.

Docteur amenipigia! Si mara moja, mara tatu! Mtu anasema Kiswahili kizuri kuliko hawa wajukuu zangu wa Bukavu. Anataja vijiji vyetu kwa majina. Aliniita "Mama, mwalimu wangu." Mimi, Léocadie, muuza sambaza! Tangu nizaliwe hakuna mtu mwenye kalamu aliyeniuliza ninafikiri nini. Nilifukuza watu chumbani, nikafunga mlango, nikamweleza.

Aliuliza habari za mbuzi kutoka kwenye pembe mpaka kwenye mkia. Nani anamleta, ni rangi gani, nani anachinja, nani anapewa shingo. Aliuliza kama mbuzi akishaliwa jambo linakuwa limekwisha. Nikasema limekwisha kabisa, na atakayelifukua wazee watamtoza faini. Akafurahi mpaka nikasikia anavyoandika.

Nimekutetea na wewe, usifikiri nimekusahau. Asije akadhani wewe ni mwanamke wa kumtupa mume wake kwa polisi. Aganze, shemeji yako, ameshanisaidia kutia sahihi karatasi na kuituma kwa simu.

Mambo yatanyooka. Vumilia kidogo.

Mama yako,
Léocadie

*

Birmingham, 27 Machi 2023

Mama mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi tunamshukuru Mungu. Mkono bado uko kwenye plasta lakini vidole vinacheza.

Tarehe kumi na tano tulikuwa mahakamani. Leena, mwanasheria wa serikali anayenisimamia, alisoma ripoti za hospitali, akaonyesha picha za shavu langu. Hakimu akakunja uso. Nikasema hapa Héritier hatoki. Halafu akasimama Docteur.

Mama, yule mtu anajua kusema. Hakupiga kelele. Alisema watu wa hapa wakiona ndoa yetu wanaona watu wawili, lakini kwetu ndoa ni koo mbili, na ugomvi unatibiwa na koo. Alisema gereza litamwacha mke peke yake katika nchi ya ugenini, bila mume na bila ukoo, na hilo kwetu ni adhabu ya mke. Alisoma maneno yako, na alipofika kwenye mbuzi hakimu aliinua kichwa. Mama wa huduma za jamii, yule aliyekuwa ananiambia kila wiki nisikubali kumwona, alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa kukubali. Alipotoka aliniambia, "Samahani, Gisèle, sikujua kwamba kwenu kuna njia yenu."

Na mimi! Nikwambie ukweli? Nilikaa pale na mkono wangu uliovunjika, nikaanza kufikiri labda mzungu huyu anatujua kuliko ninavyojijua. Labda ninayeona vibaya ni mimi, nimekaa huku muda mrefu. Nilipoulizwa kama niko tayari kwa suluhu ya desturi, nilisema ndiyo. Falis amenuna, hajanisemesha tangu siku hiyo.

Héritier alipewa dhamana. Juzi Jumamosi tulikutana Digbeth, kwenye lile ghala ambalo kanisa letu linakodi. Mbuzi mzima hapa hupati, walileta nusu kwenye mifuko ya nailoni kutoka kwa mchinjaji. Wazee wa kanisa walikaa mahali pa baba yangu. Héritier alipiga magoti, akalia, watu wakalia. Docteur alikaa nyuma na kijitabu chake, na yeye analia. Mchungaji akanikabidhi kwake. Kila mtu alikuwa na furaha, isipokuwa Déborah, ambaye alikataa nyama.

Hakimu amekubali arudi nyumbani mpaka kesi isikilizwe. Yuko hapa, anaosha vyombo. Anakusalimu.

Binti yako,
Gisèle

*

Bukavu, 28 Machi 2023

Nimepiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa! Si nilikwambia? Mle, mnywe, mzae mwingine. Mwambie Héritier mama yake amelala usingizi leo, mara ya kwanza tangu Januari.

Mama yako

*

Birmingham, 21 Aprili 2023

Mama,

Sikuulizi habari. Utanisamehe.

Jumamosi kabla ya Pasaka Héritier alirudi kutoka kwa mwanasheria wake na ile ripoti, kurasa thelathini na mbili. Alisema anataka kusoma maneno ya mama yake. Aliketi mezani, mimi nachambua majani ya sombe, Déborah anachora. Alifika ukurasa wa sita akaacha kugeuza kurasa. Nilidhani anakukumbuka.

Ukurasa wa sita Docteur ameandika hivi: polisi hawakuitwa na mke, kwa maana mke wa Kishi, yaani wa Bashi, hawezi kumshtaki mumewe, waliitwa na mtoto aliyelelewa katika shule za Kiingereza, na hilo linaonyesha umbali kati ya tamaduni mbili ndani ya nyumba moja. Chini yake ameandika amelipata kwa mama mzazi wa mshtakiwa.

Ni wewe, Mama. Nilikuomba kwa jina la Mungu.

Alimwita Déborah kwa sauti ya upole. Akamwuliza, "Ulipiga simu kwa mkono gani?" Mtoto hakuelewa, akaonyesha wa kulia. Akamshika kifundo, akampeleka mlangoni, akauweka mkono kwenye bawaba, akaufunga mlango. Akaufungua, akaufunga tena. Nilisikia mifupa, Mama. Mpaka leo nikisikia mlango wowote, hata wa basi, nasikia ile mifupa.

Nilimrukia. Nilimpiga kichwani kwa sufuria ya sombe, nikampiga kwa plasta yangu mpaka ikapasuka, nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Ningemuua. Andika hilo kwa Docteur wako: mke wa Kishi alitaka kuua. Alinikamata nywele akanitupa kwenye ngazi, akanifuata huku ananikanyaga mbavu, anasema, "Mama yangu ameshasema limekwisha! Nani analifukua?" Falis alivunja kioo cha mlango kwa tofali, akaingia na kisu cha nyama, na nyuma yake watu wa mtaa mzima. Ndiyo maana niko hai.

Vidole vitatu vya mtoto vimevunjika. Kidole cha nne, kidogo, madaktari hawakuweza kukirudisha.

Kesi ni Oktoba. Mwanasheria wa Héritier ameshasema ataisoma tena ripoti ileile, kwamba alikuwa anajua kwamba kwa desturi yake mimi nimemsamehe, na kwamba mtoto alivunja heshima ya nyumba. Leena anakuomba useme mbele ya hakimu kwa video. Siyo umseme vibaya mwanao. Useme mbuzi ni kitu gani hasa, maana mimi sijui tena, na korti nzima inaamini inajua.

Gisèle

*

Birmingham, 3 Agosti 2023

Mama Léocadie,

Alama za buluu naziona kwenye simu, barua ya Aprili umeisoma. Miezi mitatu na nusu. Nimekupigia, anapokea Aganze, anakata.

Leena anasema bila wewe Docteur atasikilizwa, kwa sababu yeye ana karatasi na mimi nina makovu, na makovu hayaelezi desturi. Huenda Héritier akatoka baada ya mwaka mmoja. Anajua tunapoishi. Akirudi atatumaliza, na wewe unajua hivyo kuliko mzungu yeyote.

Sikubembelezi tena, namba ya Leena iko chini hapa. Nimekwambia.

Gisèle

*

Bukavu, 22 Oktoba 2023

Gisèle,

Salamu kwako na kwa mtoto. Leena aliniambia kwamba siku niliyotoa ushahidi hukuwepo mahakamani, ulikuwa hospitali, Déborah anapasuliwa mkono mara ya tatu. Kwa hiyo nakueleza mwenyewe, kabla watu hawajakueleza vibaya.

Aganze alininyang'anya simu mwezi wa nne. Alisema nikifungua mdomo juu ya ndugu yake nisirudi kwake. Nilinyamaza, na sitasema nilinyamaza kwa hofu tu. Nilinyamaza kwa sababu Héritier ni mwanangu. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitajibu, nikabeba beseni nikaenda sokoni. Barua yako ya Agosti niliiona siku Aganze aliposahau simu mezani. Nikaandika namba ya Leena kwenye kiganja, nikamtafuta kwa simu ya muuza makaa.

Watu aliowatuma walinipeleka ofisi ya mwanasheria huko Nguba, wakaniweka mbele ya kioo cha kompyuta. Nikawaona wote wadogo wadogo: hakimu, mkalimani, Docteur. Na Héritier. Amekonda. Aliniita "Mama" mara moja, askari akamgusa bega.

Mwanasheria wake akanisomea maneno yangu mwenyewe, yamevaa tai. Akaniuliza, "Ni kweli kwamba mbuzi akishaliwa, jambo limekwisha?"

Nikasema, subirini. Nikainamisha kichwa, nikatoa meno yangu. Yote ya juu. Nikayaweka mezani mbele ya kamera. Hukujua, eh? Wanangu hawakujua. Miaka thelathini na minane nalala nayo, nayasafisha nikiwa nimefunga mlango, ili nisimwaibishe Albert, baba yao, akiwa hai na akiwa amekufa.

Nikawaambia, Albert aliyavunja kwa mchi wa kinu, kwa sababu ugali ulichelewa na yeye alikuwa na wageni. Nikachukua kikwembe nikaenda kwa baba. Mbuzi akaja. Mbuzi mnene, mweusi, wala sisemi alikuwa mbaya. Baba alikula. Wajomba walikula, Albert alikula. Na mimi nikawekewa sahani. Nikamtazama Docteur, nikamwuliza, "Mimi nilimtafuna na nini? Uliniuliza rangi yake, uliniuliza shingo anapewa nani. Hilo hukuniuliza."

Mkalimani, msichana wa watu, akashindwa kutafsiri, wakamletea maji.

Nikaendelea, kwa sababu nikisimama nisingeanza tena. Nikasema yule mbuzi alikuja mara tatu. Mara ya pili nilikuwa na mbavu zilizokanyagwa, kama wewe. Mara ya tatu nilikuwa na mimba ya miezi saba, na ile mimba ilitoka njiani, kwenye mashamba ya chai, dada yangu akanifunga kwa kikwembe ili nisiache damu barabarani. Mara ya tatu baba hakunirudisha kwa ajili ya mbuzi. Alinirudisha kwa sababu aliniambia hana tena mahali pa kunilaza. Mwaka uliofuata nikamzaa huyu hapa, nikasema, nikamwonyesha Héritier kwa kidole. Hajawahi kuona mwanaume akitubu ila kwa nyama.

Docteur alivua miwani akajifuta. Baadaye alimwambia hakimu kwamba anaifuta ripoti yake yote, na kwamba hakusikiliza. Si kweli. Alisikiliza sana. Ni mimi niliyempa alichotaka. Mgeni akija unampa sahani nzuri, ile yenye ufa unaificha uvunguni, wewe unajua, ndivyo tulivyolelewa. Alivyoniita mwalimu, niliiosha desturi yetu nikampakulia ikiwa inang'aa. Na jina la Déborah nilimpakulia pamoja nayo. Nilidhani nakutetea. Nilitaka aone kwamba mkwe wangu ana adabu, hakumshtaki mumewe. Nikamtoa mtoto ili nikusafishe wewe, na mimi nionekane nimelea nyumba nzuri.

Leena ameniandikia kwamba ni miaka kumi na miwili. Nimehesabu, nitakuwa nimekufa. Mwanangu nimemfunga kwa mdomo wangu huu usio na meno. Usinipongeze. Usinitumie neno lolote la asante, sitalisoma.

Jioni ya siku ile niliporudi, Aganze alikuwa amemwaga sambaza zangu barabarani na nguo zangu juu yake. Nilipoinama kuokota alinisukuma ukutani, akanikaba shingo, na nilipomtazama macho yalikuwa ya baba yake. Mtoto niliyemnyonyesha. Majirani ndio walionitoa mikononi mwake. Sauti imekuwa ya kukwaruza, lakini napumua. Sasa niko kwa binti ya dada yangu, mtaa wa Panzi. Aganze ameshatuma watu mara moja, na mjomba wake mbele, kuja kuongea. Nimewaambia warudi na walichokileta, mimi sitoki hapa.

Nina ombi moja tu. Usimwambie Déborah kwamba ninamwomba msamaha. Mtoto akiombwa msamaha na mtu mzima hana njia, atasema ndiyo, na ndiyo za namna hiyo nimezisema maisha yangu yote. Mwambie tu kwamba aliyemtaja kwa Docteur ni mimi, asije akadhani alikuwa mtu mwingine, au akadhani kosa lilikuwa la kupiga simu. Akitaka kunichukia, anichukie mpaka atosheke. Sitamtuma mtu kuja kumbembeleza.

Léocadie,
mama yake Héritier